Biashara ilipokufa nikajiona sifai: Mungu alivyoniinua tena hapa Unguja

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambae saa hii kakaa pahala na simu yake, usingizi hauji, na moyoni anajiambia mie nimeshindwa maisha, hata Mungu mwenyewe keshanichoka. Hali hiyo naijua, nimeishi nayo, na kuna mambo natamani mtu angeniambia mapema. Sitakudanganya kwamba ukisali leo kesho mambo yote yatakaa sawa, kwangu haikuwa hivyo na mpaka leo biashara yangu haijarudi kama zamani. Lakini nimesimama, na nataka nieleze nilisimama vipi.

Mie ni mzaliwa wa Unguja, Mkristo, Muanglikana. Sisi huku ni wachache sana, mtaa mzima unajua nani anaenda kanisani na nani kakosekana, kwahiyo mtu ukianguka unaanguka mbele ya macho ya watu. Kazi yangu ni fundi cherehani. Miaka mingi nilikuwa nashonea nyumbani, magauni ya kitenge, suruali pana zile wanazopenda watalii, mikoba, nawapelekea wenye maduka ya Gizenga na Hurumzi, mitaa ya mji mkongwe, wao wanauza kwa bei yao. Mwaka 2019 nikaona sasa nami nitoke, nikachukua fremu yangu mjini. Kodi 150,000 kwa mwezi, na mwenye fremu anataka ya miezi sita mbele, yani 900,000 inatoka kabla hujashona hata kitambaa kimoja. Nikakopa kikoba milioni 3, riba asilimia 10, marejesho 275,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Nikanunua cherehani ya pili na mashine ya ovaloki ya 700,000, vitambaa nikachukua Mchangani, nikaweka na binti wa kunisaidia.

Na ilikwenda jamani. Kuanzia Septemba hadi Februari marejesho nililipa bila kuchelewa, Krismasi ile watoto walivaa, mama nikamnunulia kitanda. Kanisani nikisimama kushukuru nilikuwa nasimama kweli kweli.

Halafu ikaja Machi 2020. Korona ikaingia, ndege za watalii zikasimama, mji mkongwe ukawa mtupu, yani unapita Gizenga mchana unasikia nyayo zako mwenyewe. Mahoteli ya Nungwi na Paje yakarudisha wafanyakazi nyumbani. Wenye maduka niliowapelekea mzigo wakaniambia fundi tusubiri, na wao hawakuwa waongo, walikuwa hawana. Nguo za watalii huwezi kumuuzia mama wa Kwerekwe anaekwenda sokoni na elfu tano. Nilijaribu kushona barakoa, wiki mbili tatu zikatoka, baadae kila fundi anashona barakoa bei ikaanguka. Binti nikamwambia arudi kwao. Ovaloki niliyonunua laki saba niliiuza laki tatu na nusu, yote ikaishia kwenye kodi na chakula. Mwisho fremu nikaikabidhi, nikarudi kwa mama Mbweni na watoto wangu wawili na cherehani moja ya miguu, na deni la 1,650,000 bado liko pale pale.

Sasa watu wengi wakisikia habari kama hii wanauliza habari za pesa. Pesa inauma ndio, ila kilichokuwa kinaniua ni kingine. Ni kule kuamka asubuhi chumba kile kile nilicholala nikiwa msichana, namsikia mama jikoni anachochea moto, mtu mzima wa miaka yake anampikia mtu mzima mwenziwe. Nikawa sitaki kutoka. Simu ikiita naangalia jina kwanza. Kanisani nikaacha kwenda, hata pale mikusanyiko iliporuhusiwa vizuri mie nikawa na sababu, leo kichwa, leo mtoto ana homa. Ukweli ni kwamba sikuwa na sadaka, na nilikuwa nimeahidi mchango wa harusi ya mwenzetu sikuutoa, na mwenyekiti wa kikoba chetu anakaa benchi la tatu. Nikasema nitarudi nikishakuwa na kitu mkononi. Usiwaze hivyo ndugu yangu. Siku hizo za kujificha ndizo sauti ile ya "hufai" inapata nafasi ya kusema peke yake bila wa kuipinga.

Kuna jambo nataka kulieleza taratibu kwa sababu naona linawaumiza wengi. Wakati nimekwama hivyo rafiki yangu akanipeleka kwa mtumishi mmoja wa Mungu, sitasema wa wapi. Alinisikiliza kidogo tu, akasema biashara ikifa ghafla namna ile kuna mlango umefunguliwa, ama dhambi ya siri ama laana ya ukoo, na inatakiwa sadaka ya ukombozi. Nikatoa laki moja. Laki moja hiyo ilikuwa ya viatu na sare za skuli. Nikarudi nyumbani nikakaa usiku kucha najichambua, nimefanya nini, bibi zangu walifanya nini, mpaka nikaanza kumuogopa Mungu kama mtu anaekuvizia. Hilo ndo liliniumiza kupita deni. Ushauri wangu kwa yeyote: mtu akikwambia kwamba kuanguka kwako ni ushahidi kuwa Mungu kakukasirikia, na hapo hapo anataja kiasi cha pesa, inuka uondoke. Ayubu marafiki zake walimwambia maneno ya namna hiyo hiyo, fungua sura ya mwisho uone Mungu alivyowakasirikia wao.

Mtu wa kwanza kuniinua hakuwa hata wa kanisani kwetu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka ule ule. Jirani yetu Mbweni ni bi mkubwa mmoja, Muislamu swafi, tumekua tukimwita bibi. Sisi kwetu hatufungi lakini futari yake inatufikia kila mwaka. Magharibi moja akapiga hodi, mama akamwambia huyu kalala tangu mchana hajala. Bibi akaingia mpaka chumbani. Kashika bakuli la uji wa pilipili manga, moshi unatoka, na kwenye sahani kaweka vipande vya muhogo wa nazi. Nikamwambia shikamoo bibi, nitakula baadae. Akasema, "Marahaba. Baadae hapana mwanangu, kaa kitako ule, sitoki hapa mpaka bakuli hili liwe tupu." Akakaa kweli, kwenye ncha ya kitanda, buibui lake kalikunja mapajani, hajauliza deni kiasi gani wala nani kanidhulumu, ananiangalia ninavyokunywa. Ule uji ulinichoma koo, nikawa nakunywa huku nalia. Alipochukua bakuli akasema tu Mungu yupo, na kesho nitakuja tena. Na kesho yake akaja.

Mama ndie aliemwambia padri. Mie nilikasirika nilipojua, leo namshukuru. Padri alikuja jioni, tukakaa barazani, nikajua sasa nitahubiriwa. Akanisomea kitabu cha kwanza cha Wafalme sura ya 19, Eliya baada ya kumkimbia Yezebeli, kaenda jangwani kakaa chini ya mretemu kaomba afe, anasema yatosha, sasa Bwana uiondoe roho yangu, mimi si mwema kuliko baba zangu. Nabii huyo! Sura iliyopita tu alikuwa ameshusha moto mlima Karmeli. Padri akaniuliza, malaika alimwambia nini? Nikasema sikumbuki. Akasoma: "Inuka, ule." Eliya akala akalala tena, malaika hakumgombeza kwa kulala, akarudi mara ya pili akamgusa, akamwambia, "Inuka ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Mie nikamkumbuka bibi na bakuli lake nikashindwa kujizuia. Nilikuwa nadhani Mungu atakuja na majibu ya biashara, na yeye siku zile zote alikuwa ananitumia uji. Padri hakusema mengi, alisema mtu aliechoka kiasi hicho Mungu hamuulizi maswali kwanza, anampa chakula na usingizi, maswali yanakuja baadae kule mlima Horebu, Eliya alikofika baada ya kula. Kwahiyo jambo la kwanza kabisa ninalomwambia mtu aliekata tamaa ni hilo: kula, hata kidogo, na ulale. Usijipangie kufunga siku kadhaa na kukesha wakati mwili wenyewe umeshaanguka. Kufunga kuna wakati wake.

Kingine alichonifundisha ni kusoma Zaburi za kulia. Watu wengi tukiwa na shida tunatumiana aya za ushindi, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, na ni neno la kweli, lakini mimi wakati ule nikilisoma nilizidi kujiona mbovu kwa sababu siwezi hata kutoka kitandani. Padri akanipa Zaburi ya 13, ya 42, na ya 88. Hiyo ya 88 nilishangaa, imeanza kwa kilio na imeishia gizani, hakuna mahali anasema basi sasa niko sawa. Na imo ndani ya Biblia, watu wanaiimba tangu enzi na enzi. Nikawa kila usiku nasoma moja kwa sauti ndogo watoto wakishalala, nikimaliza naongeza langu, Mungu deni bado, Mungu nina aibu, basi nalala. Hapo ndo nilianza kuongea nae tena bila kuogopa. Baadae ndo nikaliona lile la Zaburi 34, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, nikaliamini, kwa sababu nilikuwa nimeshamuona karibu.

Niseme na hili kwa sababu makanisani hatulisemi. Kulikuwa na wakati mawazo yalifika pabaya, nikawa naona watoto wangenda vizuri zaidi bila mie. Nesi mmoja tunaesali nae aliniona uso akaniuliza moja kwa moja, unawaza kufa? Nikasema ndio. Akanipeleka spitali kuonana na daktari. Huku kwetu mtu akisikia Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, anajua ni wazimu, ndio maana wengi tunakufa na mambo yetu kifuani. Kwenda kwa daktari si kupungukiwa imani. Nilipewa dawa kwa muda, nikapata mtu wa kuzungumza nae, usingizi ukarudi, na Zaburi nikaendelea kusoma. Kama mawazo hayo unayo usikae nayo peke yako mpaka kesho, mwambie mtu leo.

Baada ya hapo nikapata nguvu ya kumkabili mwenyekiti wa kikoba. Nilikuwa nimemkimbia miezi. Nikaenda kwake na daftari, nikamwonesha nimelipa nusu, nusu imebaki, na kwamba naweza elfu hamsini kwa mwezi. Nilitegemea matusi. Akaniambia sisi tulikuwa tunakuombea na kukutafuta, wenzio wengi pia wamekwama, akapeleka kwenye kikao wakakubali, riba wasiongeze. Wapo wawili waliosema maneno makali, nayo niliyasikia, yakapita. Usingizi nilioupata usiku ule sikuwahi kuupata tangu Machi. Kama unadaiwa, nenda mwenyewe kabla hujafuatwa, nenda na hesabu iliyoandikwa, na usitaje kiasi kikubwa ili upendeze, taja unachoweza kwa mwezi mbaya.

Kuna kitu kiliendelea kunisumbua lakini, ile hisia kwamba mie binafsi ndio wa kushindwa, kwamba wengine wangeweza. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa, akienda na wenziwe upande wa Kama. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta. Mbalamwezi ikiwaka bahari yote ina nuru, taa haivuti kitu, unaweza kuwa nahodha hodari na nyavu nzima ukarudi ndoo tupu. Baba alirudi hivyo mara nyingi na hakuna mtu nyumbani kwetu aliewahi kusema baba kashindwa, mama alikuwa anasema tu mwezi umekaa vibaya. Nilipokuwa nasoma Luka sura ya 5, Petro anamwambia Yesu "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu," nikamuona baba pale pale anaosha nyavu. Na nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona: Yesu aliomba chombo cha yule aliekosa, akaingia akakaa ndani yake akafundisha watu humo, samaki hata mmoja bado hajapatikana. Hakusubiri chombo kijae. Mie nilikuwa nangoja nijae ndio nirudi kanisani!

Jumapili nilorudi tulikuwa Mkunazini, Kanisa Kuu. Nimebatizwa pale, nimepita pale maisha yangu yote, ila siku ile nilikaa nikayawaza mambo niliyofundishwa nikiwa mdogo. Kila mtu anajua kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa, soko likafungwa 1873 na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi, na madhabahu inasemekana ipo pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Ambalo hatulisemi sana ni namna wamisionari waliolijenga walivyofika hapa. Walianza kwengine kabisa. Walikwenda 1861 Magomero, kwenye nyanda za mto Shire, Malawi ya sasa, na yakawashinda. Vita, njaa, homa, Askofu Mackenzie akafariki mwanzoni mwa 1862, wengine wakafuatia. Askofu Tozer alieletwa baada yake akaona upande ule hapakaliki, akaamua kuondoka, na Livingstone aliewahamasisha waje Afrika alichukizwa sana na uamuzi ule. Mwaka 1864 Tozer na mwenziwe Steere, ambae baadae nae alikuwa askofu, wakaingia Unguja, watu waliotoka kwenye kazi iliyoanguka. Wakaanza na watoto watano tu wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, Sultani akawapa.

Bibi yake bibi yangu alilelewa hapa Mbweni, mtoto wa kike aliekombolewa, kijiji hiki cha watumwa walioachwa huru kilianzishwa na misheni ile ile. Yani mimi nipo, nina jina la ubatizo, nina kanisa la kukimbilia, kwa sababu kuna watu miaka ile walishindwa pahala wakaja na walichobaki nacho. Nilikaa kwenye benchi nikiliwaza hilo mpaka ibada ikaisha. Zile nguzo karibu na mahala pa ubatizo ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati Askofu Steere kasafiri, bado zimebeba, watoto wetu wanabatizwa pembeni yake. Nikiwa mdogo tulikuwa tunazionesha kwa kucheka. Siku ile nilizishika.

Sadaka siku hiyo sikuwa nayo. Kikapu kilipopita nikakipitisha kwa mwenzangu, hakuna alienitazama. Miezi yote ile nilikuwa nakaa nyumbani kwa kuogopa kitendo cha sekunde moja.

Mambo yalirudi polepole. Ndege zikaanza tena, lakini mie sikukimbilia fremu. Sasa nashona sare za skuli na nguo za madrasa kwa majirani, kazi ambayo haitegemei mgeni kushuka uwanjani, za watalii nachukua oda tu mtu akitoa nusu kwanza. Deni la kikoba nimelimaliza 2023. Siku ya malipo ya mwisho mwenyekiti aliandika "imelipwa" akaniombea hapo hapo mlangoni, na mimi nikapita kwa bibi jirani nikampelekea kanga. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ya uji. Hakukumbuka.

Bado zipo siku ile sauti inakuja. Ikija huwa sibishani nayo sana, natafuta chakula, nasoma Zaburi yangu, nampigia mmoja wa wale wanawake wawili niliokubaliana nao kwamba tutaambizana ukweli. Ukitaka kuanza mahala anza na hilo, tafuta mtu mmoja wa kusali nae ambae hatakupa mahubiri wala hataisambaza habari yako, ni afadhali huyo mmoja kuliko kundi zima la simu. Na kama wewe huna shida hiyo ila nyumbani kwako kuna mtu amejifungia chumbani, mpelekee kitu cha moto ukae mpaka amalize.

Halafu Jumapili mlete, na kama ni wewe mwenyewe njoo ulivyo, mikono mitupu. Mie nakaa benchi za nyuma upande wa kushoto, nafasi huwa ipo.